Waliokubaliana Paris, wakakataliana nyumbani: mkataba wa amani wa mwaka 1919

Katika taarifa zetu za habari mara nyingi tunasema, "pande zote zimetia saini." Wiki chache baadaye tunarudi na taarifa nyingine: bunge limekataa, au chama tawala kimegawanyika. Msikilizaji hujiuliza: mkataba uliotiwa saini mbele ya kamera unawezaje kukataliwa tena?

Jibu ni kwamba anayeenda kutafuta amani ana mazungumzo mawili. Moja ni na adui au washirika wake, mezani. La pili ni na watu wake mwenyewe, na hili la pili ndilo linaloangusha wengi. Kuna kisa kimoja kinachoonyesha jambo hili wazi kuliko vingine, nacho kinatugusa hata sisi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa ramani tunayoijua leo ilichorwa kwa sehemu katika mkutano huohuo. Ni kisa cha Rais Woodrow Wilson wa Marekani na Mkataba wa Versailles.

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini si kila mahali siku moja

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilisimama Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu habari zilichelewa. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani wa Afrika Mashariki, alikuwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, akiendelea kupigana. Aliweka silaha chini rasmi huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala sasa, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya.

Nyuma yake na nyuma ya Waingereza waliomfukuza kulibaki makaburi mengi ya watu ambao hata bunduki hawakuwa nayo. Hao ni wapagazi. Hesabu rasmi za Waingereza zenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao, wengi kwa magonjwa na njaa. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam, na Kariokor la Nairobi, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps. Tunalitaja hili mapema kwa sababu katika mkutano wa Paris hakuna aliyekwenda kuwasemea.

Mtu mwenye hoja kumi na nne

Wilson aliingia katika suala la amani akiwa na sifa kubwa. Tarehe 8 Januari 1918, vita vikiwa bado vinaendelea, alihutubia bunge lake na kutaja hoja kumi na nne ambazo amani ingejengwa juu yake. Ya mwisho ndiyo aliyoipenda kuliko zote: kuundwe chombo cha mataifa yote, ambacho kingelinda nchi kubwa na ndogo dhidi ya uvamizi. Chombo hicho kilikuja kuitwa Shirikisho la Mataifa. Ndicho kilichoutangulia Umoja wa Mataifa tunaoujua leo.

Kwa sheria za Marekani, rais anaweza kujadili na kutia saini mkataba, lakini mkataba haufungi nchi mpaka Baraza la Seneti liuridhie kwa theluthi mbili ya maseneta waliopo kikaoni. Wakati ule Seneti ilikuwa na viti 96. Maana yake maseneta 33 wakishikamana wanatosha kuua mkataba wowote. Msomaji aikumbuke namba hiyo.

Oktoba 1918 Wilson alifanya jambo ambalo hata rafiki zake walilishangaa. Aliwaomba wapiga kura wachague wabunge wa chama chake cha Democratic, akisema kwamba bila hivyo dunia ingedhani wananchi wamemkataa. Tarehe 5 Novemba wakapiga kura, na chama cha upinzani cha Republican kikapata wingi katika mabaraza yote mawili. Kwenye Seneti kilipata viti 49 kwa 47. Kwa hiyo Wilson alikwenda kuzungumzia amani akiwa ameshindwa nyumbani kwa kipimo alichokiweka mwenyewe.

Aliopanda nao meli

Tarehe 4 Desemba 1918 aliondoka kwa meli iitwayo George Washington. Alikuwa rais wa kwanza wa Marekani kwenda Ulaya akiwa madarakani. Ujumbe wake ulikuwa na wajumbe rasmi watano: yeye mwenyewe, waziri wake wa mambo ya nje Robert Lansing, msiri wake Edward House, Jenerali Tasker Bliss, na mwanadiplomasia mstaafu Henry White. Huyo White peke yake ndiye aliyekuwa wa chama cha Republican, na hakuwa na nguvu yoyote ndani ya chama chake. Seneta hakuwemo hata mmoja.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo kosa kubwa lilipofanyika, kabla neno moja halijasemwa Paris. Wapo viongozi wa Republican waliopenda wazo la shirikisho. Aliyekuwa rais kabla ya Wilson, William Howard Taft, alikuwa akilipigia debe waziwazi. Kumchukua mtu wa namna hiyo kungempunguzia Wilson uhuru wa kuamua, ni kweli. Lakini mtu aliyekaa mezani akabishana mpaka usiku ni vigumu kurudi nyumbani na kuyakana aliyoyakubali.

Mkutano ulifunguliwa Paris tarehe 18 Januari 1919. Wilson alishupaa kwamba katiba ya shirikisho iwe sehemu ya mkataba wenyewe, isitenganishwe. Hesabu yake ilikuwa kwamba hakuna seneta atakayethubutu kukataa amani nzima kwa sababu ya sura moja. Februari 14 aliisoma rasimu mbele ya mkutano, kisha akarudi Marekani kwa muda mfupi.

Saini za usiku

Aliyemsubiri nyumbani ni Henry Cabot Lodge, seneta wa Massachusetts, ambaye baadaye mwaka huo alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti. Wote wawili walikuwa wasomi wenye shahada ya udaktari, na hawakupendana hata kidogo. Lakini tusidhani ugomvi wao ulikuwa wa nafsi tu. Lodge alikuwa na swali la haki kabisa, nalo lilihusu kifungu cha 10.

Kifungu hicho kilisema kila mwanachama atalinda mipaka na uhuru wa wanachama wenzake wote dhidi ya uvamizi kutoka nje. Lodge aliuliza: je, vijana wetu watapelekwa vitani kwa sababu nchi mbili za mbali zimegombania mpaka, na bunge letu halijaulizwa? Mzazi yeyote mwenye mtoto jeshini angeuliza hivyohivyo. Wilson alijibu kwamba wajibu huo ni wa kiutu na wa dhamiri, si amri ya kisheria. Jibu hilo halikumridhisha mtu, maana wenye shaka waliona bado ni mtego, na wenye imani wakajiuliza sasa kifungu kina kazi gani.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 1919, Lodge alisimama Seneti akasoma tamko lililosema katiba ya shirikisho haikubaliki kama ilivyoandikwa. Kisha akasoma majina ya waliotia saini. Walikuwa maseneta na maseneta wateule 37, na wawili wengine wakajiunga baadaye. Rudi kwenye ile namba ya 33.

Wilson alirudi Paris na kuomba marekebisho ili kuwapoza wapinzani wa nyumbani. Aliyapata: nchi iweze kujitoa kwa taarifa ya miaka miwili, mambo ya ndani ya nchi yasiguswe, na msimamo wa kale wa Marekani kuhusu bara la Amerika uheshimiwe. Ila mezani hakuna anayekupa kitu bure. Wenzake walijua sasa kwamba anakihitaji kitu, na kila mmoja akadai chake. Japani, kwa mfano, ilipewa haki za Wajerumani katika jimbo la Shandong nchini China. Wachina waliandamana Beijing tarehe 4 Mei, na ujumbe wa China ukakataa kutia saini.

Na wenzake je?

Itakuwa si haki kumsema Wilson peke yake. Kila aliyekaa mezani Paris alikuwa na kelele zake nyuma.

David Lloyd George wa Uingereza alishinda uchaguzi wa Desemba 1918 katika kampeni iliyojaa ahadi kwamba Ujerumani italipa. Miezi michache baadaye yeye mwenyewe alianza kuona kwamba kuikamua mno Ujerumani ni kupanda vita vingine, lakini wabunge wake walimtumia simu ya maandishi Paris kumkumbusha aliyoyasema. Georges Clemenceau wa Ufaransa, aliyepigwa risasi na kujeruhiwa wakati wa mkutano, alilaumiwa na wenzake kwamba amekuwa laini. Januari 1920 alitarajia kupewa urais, wabunge wakamgeukia mwingine. Vittorio Orlando wa Italia aliondoka mkutanoni kwa hasira Aprili 1919 kwa sababu ya mji wa Fiume, akashangiliwa nyumbani, akarudi bila kuupata, na Juni serikali yake ikaanguka.

Wajerumani ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Waziri mkuu Philipp Scheidemann alijiuzulu Juni 1919 kuliko kukubali masharti. Waliotumwa Versailles tarehe 28 Juni ni Hermann Müller, waziri wa mambo ya nje, na Johannes Bell. Huyu Bell alikuwa waziri wa makoloni, na kwa kalamu yake Ujerumani iliachia makoloni yote, Afrika Mashariki ikiwemo. Matthias Erzberger, aliyekuwa ametia saini ya kusitisha mapigano mwaka uliotangulia, aliuawa kwa risasi na watu wa siasa kali mwaka 1921. Kwa miaka mingi baadaye, kila aliyetaka kura za hasira Ujerumani aliutaja mkataba huo.

Safari ya treni

Wilson aliwasilisha mkataba Seneti tarehe 10 Julai 1919. Mwanzoni watu wengi walionekana kuupenda. Lodge alijua hivyo, na silaha aliyoichagua ilikuwa muda. Aliusoma mkataba wote kwa sauti ndani ya kamati, neno kwa neno, kazi iliyochukua wiki mbili. Kisha akaita mashahidi kwa wiki sita zaidi. Walikuja Wamarekani wenye asili ya Ireland wakalalamika kwamba Ireland haikupewa uhuru, wenye asili ya Italia wakadai Fiume, na wengine kila mmoja na lake. Mkataba wa kurasa nyingi unampa kila mtu ukurasa wa kuuchukia.

Septemba 3 Wilson aliamua kuwaendea wananchi moja kwa moja. Alipanda treni kuelekea magharibi, na katika wiki tatu alisafiri kama kilomita 13,000, akitoa hotuba karibu 40. Sisi watu wa redio tunaisoma habari hii kwa namna yetu. Hapakuwa na redio ya kuwafikia watu majumbani. Mtu mwenye umri wa miaka 62, ambaye tayari alikuwa mgonjwa, alisimama mbele ya maelfu akipaza sauti siku baada ya siku. Ni mara chache tu, kama huko San Diego, alipopata vipaza sauti vya umeme.

Akiwa njiani, mambo yaliharibika Washington. William Bullitt, kijana aliyekuwa katika ujumbe wa Paris na akajiuzulu kwa kutoupenda mkataba, aliiambia kamati ya Lodge kwamba waziri Lansing naye alimweleza faraghani mashaka yake. Kumbe hata waziri wa mambo ya nje hauamini mkataba anaotakiwa kuutetea! Habari za namna hiyo hazihitaji treni.

Tarehe 25 Septemba, baada ya kuhutubia mji wa Pueblo, Colorado, Wilson alizidiwa. Treni ikageuzwa kurudi Washington bila kusimama kwa hotuba nyingine. Oktoba 2 alipata kiharusi kikali kilichopoozesha upande wa kushoto wa mwili. Mke wake, Edith, na daktari wake, Cary Grayson, waliuficha umma ukubwa wa ugonjwa huo. Kwa miezi kadhaa karatasi za serikali zilipitia mikononi mwa mama huyo, na mawaziri hawakumwona rais.

Kura tatu

Lodge sasa alileta mkataba ukiwa na masharti 14 ya ziada. Zito kuliko yote lilisema Marekani haitawajibika chini ya kifungu cha 10 mpaka bunge liamue, kila tukio na wakati wake. Kulikuwa na makundi matatu ndani ya Seneti: wa Wilson, waliotaka mkataba ulivyo, wa Lodge, waliotaka masharti, na kundi dogo la maseneta kama William Borah wa Idaho, ambao hawakutaka mkataba kwa namna yoyote.

Ukihesabu, utaona makundi mawili ya kwanza yakiungana yana kura za kutosha. Seneta Gilbert Hitchcock, kiongozi wa upande wa Wilson, alilijua hilo na akamwendea rais kitandani kumwomba alegeze. Rais alikataa. Aliandika kwamba masharti ya Lodge yanaubatilisha mkataba, na wanachama wake wapige kura ya hapana.

Tarehe 19 Novemba 1919 mkataba wenye masharti ulipata kura 39 za ndiyo na 55 za hapana. Siku hiyohiyo mkataba usio na masharti ukapata 38 kwa 53. Tarehe 19 Machi 1920 walijaribu tena wenye masharti. Safari hii maseneta 21 wa chama cha Wilson walimwasi wakapiga ndiyo. Matokeo yalikuwa 49 kwa 35. Theluthi mbili ilihitaji 56.

Zilipungua kura 7, na kati ya zile 35 za hapana, 23 zilikuwa za chama cha rais mwenyewe, waliotii agizo lake. Wanahistoria wamebishana miaka zaidi ya 100 kama ugonjwa ndio uliomfanya Wilson awe mgumu hivyo. Sisi tunaona hata alipokuwa mzima hakuwa mwepesi wa kukubaliana na mtu aliyemdharau. Lakini Lodge naye alijua fika kwamba masharti yake, jinsi yalivyoandikwa, yalikuwa ya kumuudhi rais kadiri ya kulinda nchi.

Uchaguzi wa Novemba 1920 ukamaliza ubishi. Warren Harding wa Republican alishinda kwa kura nyingi mno. Matokeo hayo yalitangazwa hewani na kituo cha KDKA cha Pittsburgh katika mojawapo ya matangazo ya kwanza kabisa ya redio kwa umma. Marekani ilifanya amani yake peke yake na Ujerumani mwaka 1921, na haikujiunga na shirikisho kamwe. Ahadi ya kuilinda Ufaransa, ambayo Wilson aliitia saini siku ileile ya Versailles, haikufikia hata kupigiwa kura, na ahadi ya Uingereza iliyofungamanishwa nayo ikafa pia. Clemenceau alikuwa ameacha madai yake ya mpaka wa mto Rhine kwa ajili ya ahadi hiyo.

Yaliyotufikia huku

Mkataba ulianza kutumika tarehe 10 Januari 1920 bila Marekani. Mei 1919, wakubwa wa Paris walikuwa wameigawia Uingereza Afrika Mashariki ya Wajerumani. Wabelgiji, ambao askari wao kutoka Kongo waliiteka Tabora mwaka 1916, walilalamika. Wajumbe wawili, Alfred Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji, wakakaa pembeni na kukubaliana: Rwanda na Burundi kwa Wabelgiji, sehemu kubwa iliyobaki kwa Waingereza. Eneo dogo la Kionga, kusini mwa mto Ruvuma, likaenda kwa Wareno. Gisaka, mashariki mwa Rwanda, ilikatwa ikapewa Waingereza waliotaka njia ya reli, kisha ikarudishwa miaka michache baadaye. Nchi ya Waingereza ikaitwa Tanganyika.

Wenyeji hawakuulizwa. Februari 1919, W. E. B. Du Bois wa Marekani na Blaise Diagne wa Senegal waliitisha kongamano la Waafrika na watu wenye asili ya Afrika hapohapo Paris, wakaomba iwepo sheria ya kimataifa ya kuwalinda wenyeji wa Afrika. Wakubwa hawakuwapa nafasi mezani.

Hata hivyo Tanganyika na Ruanda-Urundi hazikuitwa makoloni. Zilikuwa nchi za udhamini, na mtawala alitakiwa kupeleka taarifa Geneva kila mwaka. Kwa mkulima aliyekuwa akilipa kodi ya kichwa tofauti haikuonekana.

Vita vya pili vilipokaribia kwisha, serikali ya Marekani ilikuwa haijasahau. Kwenye ujumbe uliokwenda San Francisco mwaka 1945 kuunda Umoja wa Mataifa waliwekwa maseneta wa vyama vyote viwili, Tom Connally wa Democratic na Arthur Vandenberg wa Republican. Tarehe 28 Julai 1945 Seneti iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kwa kura 89 dhidi ya 2.

Nchi za udhamini zilihamishiwa chini ya chombo hicho kipya, na safari hii wenyeji wenyewe waliruhusiwa kupeleka malalamiko. Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere, rais wa TANU, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York, akaeleza kwa nini Tanganyika inataka kujitawala.